Tofu Ndani ya Chapati: Chakula cha Mandari Kisicho na Nyama

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji na kubanwa mpaka yakawa kipande kinachokatika kwa kisu. Kwa sura hufanana na jibini nyeupe, au na paniri inayopikwa katika nyumba za Wahindi kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, ila haina tone la maziwa ya ng'ombe. Kama paniri, haiyeyuki ikipata moto. Ikishakaangwa hubaki na umbo lake, huliwa hata ikiwa imepoa, na haigandi mafuta kinywani kama nyama iliyolala. Ndiyo maana inafaa sana kwa chakula cha safarini, na hasa kwa chapati ya kukunjwa inayobebwa kwenda mandari.

Mandari ina masharti yake. Wali hutaka sahani na kijiko, mchuzi humwagika garini, na kuku wa kukaanga huacha mifupa mchangani. Chapati iliyokunjwa haina shida hizo: kila mtu hushika yake mkononi, na mtoto hukimbia nayo majini na kurudi bila kumwaga kitu. Waganda wameliona hilo zamani, kwa kuwa rolex inayouzwa kando ya barabara za Kampala ni mayai ya kukaanga yaliyokunjwa ndani ya chapati. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kiingereza yanayotaja mayai yaliyokunjwa. Kuweka tofu mahali pa mayai hakuongezi kazi kubwa, na humhudumia pia yule ambaye hali nyama wala mayai, kama ilivyo kwa Wahindu wengi na kwa baadhi ya Wasabato. Watu hao, katika matembezi ya Idi au ya likizo ya Desemba, mara nyingi huishia kula ndizi na soda huku wenzao wakimega nyama. Mwenyeji anayewapikia chakula kamili anawatendea haki.

Kinachoharibu chakula hiki ni maji. Tofu huuzwa ikiwa imejaa maji, nyanya ina maji, sosi ina maji, na chapati huyanywa yote hayo ikiwa njiani. Ikifunguliwa ufukweni imelowa, imechanika chini, na tofu imeteleza ikaangukia mchangani. Mpishi anayeyaondoa maji katika kila hatua hahitaji ujuzi mwingine mkubwa, na karibu kila agizo katika upishi huu lina sababu hiyo nyuma yake.

Tofu ilianzia China. Masimulizi ya Kichina humtaja Liu An, mtawala wa Huainan katika karne ya 2 kabla ya Kristo, kuwa ndiye aliyeivumbua, lakini maandishi yanayosema hivyo ni ya zama za baadaye sana. Japani, tofu inatajwa katika kumbukumbu za mwaka 1183 za hekalu moja la Nara. Mwaka 1770 Benjamin Franklin, akiwa London, alimwandikia John Bartram wa Philadelphia juu ya jibini ya Wachina inayotengenezwa kwa maharage, na akamtumia mbegu zake. Afrika Mashariki nako soya si ngeni: Wajerumani waliijaribu Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1907, na leo hulimwa Ruvuma, Mbeya na katika sehemu nyingi za Uganda. Huku kwetu, hata hivyo, imezoeleka kama unga wa uji wa lishe, kama vile vipande vikavu vya kulowekwa na kuungwa mchuzi, na kama chakula cha kuku. Tofu hupatikana zaidi katika maduka makubwa ya mijini, mara nyingi kwa bei inayomfanya mnunuzi airudishe kwenye friji ya duka. Bei hiyo isimkatishe mtu tamaa, kwa sababu jiko lolote la pwani lina vyombo vyote vya kuitengeneza.

Aliyewahi kukamua tui la nazi yuko karibu kujua kazi yenyewe. Nusu kilo ya soya kavu huchaguliwa mawe, huoshwa na kulowekwa usiku kucha, saa 8 hadi 12, mpaka punje ivimbe zaidi ya mara mbili. Kipimo cha kuiva kwake ni hiki: punje moja ipasuliwe kwa kucha. Ikiwa rangi ni moja kutoka ukingoni hadi katikati, maji yamefika. Ikiwa katikati pana rangi iliyokolea na ugumu kidogo, bado. Katika joto la kaskazi maji ya kulowekea yabadilishwe mara moja, maana huanza kuchacha. Kisha soya husagwa kwa blenda, kidogo kidogo, pamoja na maji safi ambayo jumla yake hufika lita 4, mpaka ukipapasa uji huo kati ya vidole husikii chembe.

Uji huo huchujwa kwa kitambaa kisafi cha pamba. Kifumbu cha nazi kina matundu makubwa mno, hupitisha unga, na tofu hutoka na mchanga mchanga mdomoni. Kitambaa husokotwa na kukamuliwa kwa nguvu mpaka kinachobaki kiwe kikavu kama machicha ya nazi. Machicha haya ya soya yasitupwe: yakikandwa na viazi, kitunguu na pilipili hufanya kababu nzuri za mboga, mradi yaive vizuri motoni, kwa kuwa bado ni mabichi.

Maziwa yaliyopatikana huwekwa katika sufuria kubwa, isiyojazwa zaidi ya nusu, na kuchemshwa kwa moto wa wastani. Hapa hapahitaji mpishi wa kwenda mlangoni kusalimia. Maziwa ya soya hushika chini upesi, kwa hiyo mwiko wa mbao lazima ukwangue kitako cha sufuria muda wote. Na povu lake hupanda ghafla, likamwagika kabla mtu hajafikia jiko. Yakishachemka, moto hupunguzwa na maziwa huachwa yatokote kwa dakika 10. Muda huo usifupishwe. Soya mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kusaga protini, na asiyeichemsha vya kutosha huumwa tumbo. Moto huviharibu viini hivyo, na pia huondoa ile harufu ya maharage mabichi ambayo watu wengi hawaipendi.

Sufuria ikiepuliwa, maziwa huachwa dakika chache yapungue joto kidogo, hadi karibu nyuzi 80 za Selsiasi. Kwa kila lita 2 za maziwa, robo kikombe cha maji ya ndimu huzimuliwa kwa kikombe kimoja cha maji, kisha hutiwa kwa mafungu matatu huku mwiko ukizungushwa polepole sana. Anayekoroga kwa haraka huvunja mabonge na kupata tofu kidogo. Baada ya fungu la mwisho sufuria hufunikwa dakika 15. Ikifunuliwa, mabonge meupe yawe yameelea katika maji ya manjano yanayopitisha mwanga. Kama maji bado ni meupe kama maziwa, ndimu haijatosha, na iongezwe kijiko kimoja kimoja. Siki nayo hufanya kazi ileile. Viwandani hutumika nigari, yaani chumvi ya magnesi inayotokana na maji ya bahari, au jasi, ambayo ni chumvi ya kalsi. Tofu ya jasi humpa mlaji kalsi nyingi kuliko ya ndimu, jambo la kukumbukwa na asiyekunywa maziwa.

Mabonge hutekwa kwa upawa na kuwekwa katika chujio lililotandikwa kitambaa. Ncha za kitambaa hukunjwa juu yake, kisahani huwekwa, na juu ya kisahani uzito wa kilo 1 au 2. Pakiti ya sukari inatosha. Baada ya nusu saa tofu hufunguliwa na kutumbukizwa katika maji baridi ili ikaze. Nusu kilo ya soya hutoa tofu ngumu ya takribani nusu kilo hadi robo tatu, kulingana na ukamuaji. Isipotumika siku hiyohiyo hukaa katika friji ndani ya maji safi yanayobadilishwa kila siku, nayo iliwe ndani ya siku 3 au 4. Ikianza kuteleza kama sabuni au kunuka uchachu, imeharibika.

Anayenunua dukani achague ile iliyoandikwa kuwa ni ngumu. Ipo pia laini, inayotetemeka kama maziwa ya mgando; hiyo ni ya supu, na ndani ya chapati hugeuka uji. Kwa lishe, gramu 100 za tofu ngumu zina protini ya takribani gramu 10 hadi 17, kutegemea maji yaliyobaki, na protini ya soya ina asidi za amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe. Upungufu wake mkubwa ni vitamini B12, ambayo asiyekula kabisa vitu vya wanyama lazima aipate kwingine.

Mtu anayeionja tofu kavu, bila chumvi, husema haina ladha. Ni kweli, haina, na hiyo ndiyo nafasi ya mpishi. Kwanza ibanwe tena: ikatwe vipande virefu vya unene wa kidole gumba, vipangwe juu ya kitambaa kikavu, vifunikwe kingine, juu uwekwe ubao na kitu kizito kwa dakika 20 hadi 30. Kitambaa kitalowa chapachapa, na maji hayo yote yangeingia katika chapati. Kisha vipande hulowekwa kwa nusu saa katika maji ya ndimu vijiko 3, sosi ya soya vijiko 3, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili manga na bizari nyembamba ya unga. Mchanganyiko wa viungo hivi usitiwe mafuta. Ndani ya tofu bado kuna maji, na mafuta hayapenyi penye maji. Hubaki juu yakiizuia chumvi isiingie.

Vipande vikishatolewa hupanguswa na kuviringishwa katika unga laini wa wanga wa mahindi, kiasi cha vijiko 3 kwa nusu kilo ya tofu. Wanga hufyonza unyevu wa juu na kufanya gamba jembamba linalokwaruza ulimi kwa utamu. Mafuta vijiko 3 au 4 hupashwa moto katika kikaango, vipande hupangwa bila kugusana, na haviguswi kwa dakika 3 au 4. Kipande kinachong'ang'ania chuma bado hakijawa tayari. Kikiiva upande, hujiachia chenyewe kikisukumwa kidogo. Vikiwa na rangi ya dhahabu pande zote hutolewa na kutandazwa juu ya ungo wenye karatasi, kimoja kimoja. Kuvirundika katika bakuli vikiwa vya moto ni kosa linalofanywa na wengi: mvuke hukosa pa kutokea, na gamba lililopatikana kwa kazi yote hiyo hulegea kabla ya kufika mezani.

Chapati ya kukunjia ni tofauti kidogo na ya kula na maharage. Ile yenye tabaka nyingi na mafuta mengi ni tamu ikiwa ya moto, lakini ikipoa hukakamaa na kupasuka kwenye mkunjo. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano hutumika kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikubwa 3 vya mafuta ya maji, na maji ya uvuguvugu yanayokaribia kikombe kimoja na robo. Samli haifai hapa, kwa sababu huganda chapati ikipoa. Unga hukandwa dakika 10 mpaka uwe laini kama ncha ya sikio, kisha hufunikwa na kupumzishwa nusu saa. Usiopumzika hujirudi kila ukisukumwa. Hugawanywa madonge 8, na kila donge husukumwa liwe jembamba, upana wa sahani ya kulia. Chapati hupikwa kwa moto mkali kiasi, upande kwa upande, si zaidi ya dakika moja na nusu kwa jumla, na mara ikitoka hutiwa ndani ya kitambaa na kufunikwa. Mvuke unaoiharibu tofu ndio huohuo unaoilainisha chapati. Asiye na muda atumie mkate mpana wa Kiarabu, au chapati za Kimeksiko ziitwazo tortilla, zinazouzwa kwa pakiti katika maduka makubwa.

Mboga za ndani ziwe zile zisizolia machozi. Kabichi iliyokatwa nyuzi nyembamba na karoti iliyokwaruzwa hukaa saa nyingi bila kulegea. Kitunguu kikatwe vipete, kifikichwe kwa chumvi, kioshwe na kukamuliwa kama kwa kachumbari yoyote. Nyanya inapendwa, lakini itolewe mbegu na ute wake wote, ibaki nyama tu. Bila hivyo ni bora iachwe, au ibebwe nzima na kukatwa hukohuko. Desemba, maembe mabichi yakiwa tele, embe lililokatwa njiti na kupakwa chumvi na pilipili hushinda nyanya kwa mbali: lina uchachu, halilegei, na hukata mafuta ya tofu vizuri. Vitamini C iliyo katika embe na ndimu pia husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika soya.

Sosi iwe nzito kiasi cha kupakwa kwa kisu. Siagi ya karanga vijiko 4, ukwaju uliokamuliwa mzito vijiko 2, sukari kidogo, chumvi, pilipili iliyopondwa na maji ya moto kijiko kimoja au viwili, vikikorogwa pamoja hutoa sosi ya kahawia yenye uchachu na utamu kwa pamoja. Kama miongoni mwa wageni kuna anayedhuriwa na karanga, parachichi lililopondwa na ndimu na chumvi huchukua nafasi yake. Ndimu huchelewesha weusi wa parachichi. Sosi zote mbili zina mafuta, na zikipakwa moja kwa moja juu ya chapati hutandaza utando unaoikinga na maji ya mboga.

Kukunja hufanyika baada ya kila kitu kupoa kabisa. Chapati hutandazwa, sosi hupakwa ikiachwa pambizo ya vidole viwili, juu yake kabichi na karoti, kisha vipande 3 au 4 vya tofu kwa mstari karibu na mpishi, na embe au kitunguu juu. Ukingo wa chini hukunjwa juu ya tofu na kuvutwa kwa ndani mpaka ukaze, pande mbili huingizwa kati, na chapati huviringishwa hadi mwisho, mshono ukikaa chini. Anayejaza sana hatafunga. Kila moja hufungwa peke yake, kwa karatasi ya kuokea au kwa jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto mpaka likang'aa na kulegea. Jani hilo halipitishi maji, lina harufu nzuri, na likiisha kazi huoza ardhini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019, na tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imekataza plastiki zote za kutumika mara moja katika hifadhi za taifa, misitu na fukwe. Hivyo familia inayokwenda msitu wa Karura, Nairobi, iache nyumbani chupa za maji na uma za plastiki za kutupa.

Njia ya kubeba ni deli lenye barafu, au kapu lililotandikwa kanga nene na chupa imara za maji yaliyogandishwa usiku uliotangulia. Chupa hizo hupoza chapati asubuhi na kunywewa mchana zikiyeyuka. Deli liwekwe kivulini na lisifunguliwe ovyo. Tofu ina protini na unyevu, na vijidudu huipenda kama vinavyopenda nyama na mayai. Kutokuwa na nyama hakuifanyi ivumilie jua. Bila barafu, chakula hiki hakipaswi kukaa nje zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam na Mombasa mwezi wa Februari, muda huo hushuka hadi saa 1. Zilizobaki baada ya hapo zisirudishwe nyumbani kwa chakula cha jioni.